Mkate Uliolala Kifudifudi

Pancha ilikuwa ya Gildas, si yangu. Tairi lake la nyuma lilikuwa limebaki kipara tangu kiangazi. Nilimwambia alibadilishe kabla ya safari, akanijibu, "Perrine, tairi hili bado lina maisha kuliko wewe." Ndivyo anavyoongea mume wangu. Kila kitu kwake ni mzaha, isipokuwa mkate.

Sisi ni waoka mikate. Duka letu liko Saint-Mélaire, na mwaka mzima tunaamka wakati hata majogoo bado wamelala. Wiki moja tu, katikati ya Oktoba, watu wote wakiwa mashambani wanaokota tufaha, tunafunga duka, tunafungasha hema na soseji, tunapanda baiskeli zetu na kuufuata mto Mayenne. Tunapita njia ileile waliyopita farasi zamani wakikokota mashua. Mto upande mmoja, malisho upande wa pili, na kila ukienda kidogo unakuta lango la maji, lile la kupandisha na kushusha mashua, na kando yake nyumba ya mlinzi. Nyingi siku hizi ni tupu. Chache bado zina wenyewe.

Ilikuwa siku ya kwanza ya safari. Jua lilikuwa limeshazama, na ukungu ulianza kupanda kutoka mtoni, kwanza magotini, halafu kifuani. Tufaha zilizooza chini ya miti zilinuka pombe. Tulikuwa tunakwenda kwenye nyumba ya wageni ya chini kule, ambako mwenye nyumba hutuwekea supu ya vitunguu vya liki, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuionja kichwani. Ndipo Gildas akasimama.

"Limeisha upepo."

"Nilikwambia."

"Ulisema."

Akapiga pampu. Tairi likajaa. Tukaenda hatua chache, likalala tena. Tundu lilikuwa dogo mno, halionekani wala halisikiki, na tundu la namna hiyo dawa yake ni kuizamisha tyubu kwenye maji uone viputo vinatokea wapi. Mto ulikuwepo, ndiyo, lakini ukingo pale ni mwinuko na utelezi mtupu, na kwa giza lile ungeona kiputo gani? Tulihitaji beseni na taa.

Mbele yetu, ndani ya ukungu, kulikuwa na dirisha lenye mwanga.

Nyumba ya mlinzi wa lango. Maji ya bwawa la lango yalikuwa yakinguruma karibu yake. Gildas aliinua mkono kubisha... mlango ukafunguka kabla hajagusa.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amejifunga shali nyeusi. Nyuma yake ilitoka harufu ya mkate wa moto. Na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya kafuri na jasho na shuka zisizopigwa jua.

"Habari za jioni, mama," alisema Gildas. "Samahani kwa usumbufu. Tuna pancha. Tunaomba beseni la maji na mwanga kidogo."

Yule mama hakututazama usoni. Alitazama mikono ya Gildas.

"Una makovu," alisema.

"Ni tanuri hilo, mama. Mimi ni mwoka mikate."

Alifumba macho. Nikaona midomo yake inacheza, nikadhani anasali.

"Mwoka mikate," alisema polepole. "Ingieni, wanangu. Ingieni, kuna baridi."

Tuliingia. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa, meko upande huu, meza katikati, na karibu na moto kitanda. Kitandani alilala kijana wa kama miaka thelathini. Alikuwa amekonda mpaka huruma inakushika. Macho tu ndiyo yalikuwa na uhai.

"Mwanangu, Aubin," alisema mama. "Mimi ni mama Houdayer."

Gildas, hata nyumba ikiwa inaungua, lazima ampe kila mtu mkono kwanza. Akaenda mpaka kitandani akamshika yule kijana mkono.

"Samahani siwezi kuinuka, bwana," Aubin alinong'ona.

"Lala, lala. Mimi mwenyewe natamani ningekuwa nimelala. Mke wangu ananizungusha kwa baiskeli Ufaransa nzima."

Kijana alitabasamu. Mama Houdayer hakutabasamu. Alituletea beseni, akatuwekea taa sakafuni, kisha akaenda kusimama mbele ya moto akiwa ametupa mgongo. Gildas alipiga magoti kuitoa tyubu. Mimi, ili kuvunja kimya kile, nikauliza kijana anaumwa nini.

"Daktari wa Laval hajui," alijibu mama bila kugeuka. "Walianza kufa ng'ombe. Baadaye siagi ikagoma kuganda. Halafu kuku. Halafu yeye." Akachochea moto. "Kuna mtu ametufanyia kitu."

"Nani?"

"Hatajwi."

Sikuuliza zaidi. Nimezaliwa bonde hili. Kuna maswali hayaulizwi mbele ya mgonjwa.

Viputo vikatoka. Gildas akafurahi kama mtoto, akakausha tyubu, akapaka gundi, akabandika kiraka, akakaa kusubiri gundi ishike. Ndipo nilipoutazama mkate uliokuwa mezani.

Ulikuwa mkubwa wa duara, ngozi yake nyekundu, umetoka tanurini si muda. Ulikuwa umelala kifudifudi. Uso chini, tumbo juu.

Ngoja niseme jambo hili vizuri. Kwetu mkate haulazwi hivyo. Mtoto akiulaza hivyo anapigwa kofi la mkono kabla hajajua kosa lake. Zamani, waoka mikate walikuwa wakimtengea mkata vichwa wa serikali mkate wake pembeni, wameupindua, ili mtu mwingine asije akauchukua kwa makosa. Mkate uliolala kifudifudi una mwenyewe, na huyo mwenyewe si mtu wa kukaa naye meza moja. Ukiuona, unaugeuza. Huwazi. Mkono unakwenda wenyewe. Wapo wanaocheka wakigeuza, kama Gildas, na wapo kama mimi tuliolelewa na bibi, ambao tunaugeuza haraka na kufanya ishara ya msalaba.

Lakini mama yule alikuwa wa bonde hili hili. Mwanamke wa umri ule hawezi kupindua mkate kwa bahati mbaya. Na kama ameupindua makusudi, amemwekea nani?

Gildas alisimama akijipangusa mikono kwenye suruali. Nikaona jicho lake linafika mezani.

Nikamshika mkono wa koti.

"Gildas," nilinong'ona. "Acha."

"Nini tena?"

"Si nyumba yetu."

"Mkate ni mkate, Perrine."

Nilimtazama mama Houdayer. Alikuwa bado ametupa mgongo, lakini mabega yake hayakuwa yakipanda wala kushuka. Alikuwa ameacha kuvuta pumzi.

Gildas akanyoosha mkono. Akaugeuza mkate, akaupigapiga mgongoni kama anavyofanya dukani.

"Haya," alisema. "Sasa una adabu."

Nje, upande wa njia, ikasikika...

Tiki.

Mara moja tu. Halafu kitandani Aubin akajigeuza.

"Mama," alisema. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, sauti ya mtu aliyeamshwa. "Mama, nina njaa."

Mama Houdayer akajishika mdomo. Alilia, jamani, alilia mpaka akashika ukuta. Halafu ghafla akajifuta, akachukua kitambaa, akaufunga ule mkate bila kuugusa kwa ngozi yake, akamtia Gildas kifuani.

"Chukua. Ni wako."

"Hapana, mama, tutawapunguzia ninyi..."

"Ni wako, bwana. Sasa nendeni. Nendeni, nawaomba."

Alikuwa anatusukuma. Gildas alifungia gurudumu lake nje, gizani, akinung'unika kwamba watu wa mtoni hawana staha, na mimi nilimmulika kwa tochi huku nikiutazama mlango ule uliofungwa kwa komeo mbili.

Tukaondoka. Gildas mbele na taa yake, mimi nyuma. Ukungu ulikuwa umeshika mpaka sikuona mto, nilisikia tu.

Wanaopanda baiskeli wanaujua mlio huu. Ukiacha kukanyaga pedali, gurudumu la nyuma linaendelea kuzunguka lenyewe, nalo linalia. Tiki tiki tiki tiki. Ukikanyaga, linanyamaza.

Mimi nilikuwa nakanyaga. Gildas alikuwa anakanyaga.

Tiki tiki tiki tiki.

Nyuma yetu.

Niligeuka. Hakukuwa na taa. Nikafikiri ni mtu wa kijijini anarudi kwake, anaijua njia, hahitaji taa. Nikapiga kelele, "Pita, bwana!" Hakupita.

"Gildas, simama."

Tukasimama wote wawili. Mlio ukaja, ukaja... ukakaribia... ukasimama. Ulikuwa karibu sana. Nilisikia harufu ya ganda la mkate lililoungua.

"Kuna mtu nyuma yetu," nilinong'ona.

"Yuko wapi?"

"Husikii?"

"Nasikia tumbo langu."

"Gildas, sifanyi mzaha. Husikii kitu?"

Alinyamaza akasikiliza, kwa haki kabisa, mdomo wazi. Halafu akatikisa kichwa. "Mto tu. Twende, supu inapoa."

Nikamwambia atangulie. Nilisema moyoni, lolote liwalo, lipite kwangu kwanza. Nikakaa nyuma yake karibu, gurudumu langu linagusa lake. Mlio ukaanza tena. Lakini sasa haukuwa nyuma. Ulikuwa ubavuni mwangu.

Upande wa mto.

Upande ule hakuna njia. Kuna ukingo na maji.

Nilikaza macho mbele. Nilikuwa nalia na sikujua kama nalia. Mlio ukanipita polepole, bila haraka yoyote, ukaingia kati yangu na taa ya mume wangu, ukakaa hapo. Ulikaa hapo mpaka tukafika nyumba ya wageni, na Gildas akashuka akipiga mluzi.

Asubuhi yake hakuweza kunywa kahawa. Alisema ina ladha ya majivu. Tukaahirisha safari, tukarudi nyumbani.

Wiki zilizofuata sipendi kuzikumbuka. Gildas wangu, mtu wa kubeba gunia la unga kwenye kila bega, alianza kupumzika katikati ya ngazi. Mikono yake ikawa baridi. Alipokanda unga haukuumuka. Mimi nikikanda unaumuka, hamira ileile, maji yaleyale, yeye akiweka mkono unalala kama matope. Aliutazama unga ule na nikaona macho yake yamejaa machozi, mtu huyu ambaye alicheka hata kwenye mazishi ya mama yangu mzazi. Daktari alikuja, akapima damu, akapima tena, akasema ni uchovu.

Na mkate ule?

Haukuchacha. Haukuota ukungu. Ukiupitia karibu unahisi joto lake. Kila asubuhi niliukuta mezani jikoni umelala kifudifudi, na kila asubuhi Gildas, akishuka kwa kujikokota, alipita pale na mkono wake ukaugeuza.

"Usiuguse!" nilimpigia kelele siku moja.

"Nimegusa nini?"

Hakuwa anajua hata kama ameugusa. Ni mkono tu. Miaka yote hiyo ya kugeuza mikate, mkono ulikuwa umeshajifunza wenyewe. Na kila akiugeuza, anapungua.

Nilikuwa siushiki mimi. Bibi yangu alinifundisha, na hofu aliyonitia bado iko palepale. Niliusukuma kwa ule ubao mrefu wa kutolea mikate, nikautupa ndani ya tanuri, nikaufungia humo na moto wote. Asubuhi ulikuwa mezani. Nikautupa mtoni. Asubuhi ulikuwa mezani, mkavu, wa moto. Na jioni, giza likianza kuingia, nilisikia nje ya ua wetu mtu anazunguka na baiskeli. Tiki tiki tiki. Anazunguka nyumba. Kila jioni duara linakuwa dogo zaidi. Gildas alikuwa amelala juu, hasikii kitu, ananiuliza kwa nini nafunga madirisha mapema hivyo.

"Baridi," nilimwambia.

"Perrine," alisema jioni moja, "nikifa usimuuzie Lochu tanuri. Anaunguza mikate, yule."

"Nyamaza, mjinga wewe."

"Mimi nakwambia tu."

Nilishuka chini nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti. Hatukujaliwa mtoto. Ni yeye tu niliye naye, na mizaha yake mibaya.

Siku ya Watakatifu Wote niliamua. Watu walikuwa wakipita barabarani na vyungu vya maua kupeleka makaburini. Gari la duka sijui kuliendesha, dereva ni Gildas. Nikamwomba jirani akae naye, nikausukumia mkate kwa ubao mpaka ndani ya mfuko wa nyuma wa baiskeli, nikafunga, nikashika njia ya mto. Yule mama ndiye aliyetupa. Nitamrudishia, aniambie uso kwa uso ametufanyia nini. Nilikuwa na hasira ya kumng'oa mtu nywele.

Nilifika alasiri. Uani kulikuwa na mwanamume anapasua kuni, mikono mitupu kwenye baridi ile, mashavu mekundu. Sikumtambua mpaka aliponiita.

"Karibu, mama! Wewe si yule wa pancha?"

Alikuwa Aubin.

Kijana alikuwa amenona, anang'aa, amejaa. Akanikaribisha ndani, akaniambia mama yake ameenda makaburini na maua, hakawii. Kitanda cha pale motoni kilikuwa kimeondolewa. Nikaubwaga mkate mezani kutoka mfukoni. Ukajilaza wenyewe, kifudifudi.

Aubin alikuwa ameshanipa mgongo, anatafuta vikombe, anaongea. Kijana mwema. Mwezi wa tano anaoa, binti wa kinu cha juu kule. Akaniuliza, "Bwana mzima?"

"Anaumwa," nilisema.

"Pole sana. Anaumwa nini?"

"Anaumwa ugonjwa wako."

Akageuka. Akacheka kidogo, halafu akaona sicheki.

"Mama yangu amekwambia yale mambo yake?"

"Niambie wewe."

Akajikuna kichwa, anaona aibu. "Mambo ya kizamani hayo, mama. Kuna mzee ng'ambo ya mto anafungua watu waliofungwa kichawi. Alimwambia mama aoke mkate, aulaze kifudifudi, asubiri mgeni augeuze kwa mkono wake mwenyewe. Asiombwe. Akiombwa haifai. Ugonjwa unahama na mkono uliougeuza mwisho. Mimi siamini. Zile dawa mpya za Laval ndizo zilizonisaidia."

"Na baiskeli?"

"Ipi? Aa..." Akacheka tena. "Mama alikuwa anasikia baiskeli inazunguka nyumba. Mimi sikuwahi kusikia kitu. Hata mara moja. Siku zile za mwisho alisema amemwona kabisa, amesimama pale mlangoni, mtu nadhifu, kofia mkononi, anangoja kukaribishwa. Alinizuia nisilale karibu na mlango. Maskini mama, alikuwa amechoka."

Mkono uliougeuza mwisho.

Nilielewa. Sikuhitaji kugombana na mtu. Sikuhitaji kusema neno lolote. Ilitosha kukaa pale, kunywa kahawa, na mkate uko mezani.

Aubin akaja na vikombe. Akaviweka. Akautafuta mkebe wa sukari kwa macho, na macho yake yakapita mezani, yakasimama. Nikayaona yanasimama. Akakunja uso kidogo tu, bila kufikiri, kama sisi sote.

"Eh, huu nao umekaaje," alisema.

Mkono wake ukanyanyuka.

Nilitaka augeuze. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimtaka Gildas wangu asimame tena mbele ya tanuri, na kama bei yake ni kijana huyu mwenye mashavu mekundu, basi na iwe yeye. Mama yake hakunionea huruma mimi.

Mlango ukafunguka.

Mama Houdayer alisimama kizingitini, shali nyeusi, udongo wa makaburini kwenye viatu. Alimwona mwanawe, akauona mkono, akauona mkate. Alinitazama mimi. Hakuniomba, haki alikuwa hana na alijua. Alinitazama tu, na uso ule niliujua, niliuona kila asubuhi kwenye kioo changu.

Mkono wangu ulifika kwanza.

Ulikuwa wa moto. Mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaugeuza, nikaulaza vizuri, uso juu.

"Samahani," Aubin alisema, "nilikuwa naugeuza mimi."

"Si kitu, mwanangu," nilimwambia. "Mazoea ya dukani."

Mama yake alimtuma akalete kuni. Aubin alipotoka, mama alikuja akanishika uso kwa mikono yake miwili, akanibusu mashavuni mara nne kama desturi ya kule, machozi yake yakanilowanisha. Halafu akaninong'oneza.

"Aubin alikuwa na mimi. Mumeo alikuwa na wewe. Sasa wewe, mwanangu... atakugeuzia nani?"

Nikaufunga mkate kwenye mfuko, nikaondoka kabla giza halijashika.

Njia nzima nilisikiliza. Nilikanyaga, nikasikiliza. Niliacha kukanyaga, gurudumu langu likalia tiki tiki tiki, nikashika breki, likanyamaza, na baada yake hakukuwa na kitu. Mto tu. Bata mmoja. Nilisimama kabisa katikati ya njia, nikashikilia pumzi... kimya. Wala harufu ya ganda lililoungua sikuisikia.

Nikaanza kucheka peke yangu. Pengine mzee wa ng'ambo hakusema kweli. Pengine kwa mtu anayeugeuza huku anajua, jambo linaisha palepale. Niliimba, mimi nisiyejua kuimba, mpaka taa za Saint-Mélaire zikaonekana.

Dirisha la jikoni lilikuwa linawaka. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mlangoni alikuwa amesimama Gildas. Amesimama kwa miguu yake! Sufuria mkononi, anakula supu humohumo ndani ya sufuria kwa kijiko cha kukorogea, unga mpaka kwenye viwiko.

"Umetoka bila kunipikia, mwanamke wewe," alisema na mdomo umejaa. "Nimeamka na njaa ya kula farasi, jirani nikamrudisha kwake. Na hilo donge la unga limeumuka mpaka limemwagika chini, njoo uone."

Niliangusha baiskeli. Nilimkumbatia yeye na sufuria yake, nikamlilia shingoni. Alikuwa wa moto. Alinuka hamira. Alicheka, akanipigapiga mgongo.

"Haya, haya. Nini sasa? Nimepona tu. Watu wanatutazama."

"Watu gani?"

Alikuwa ameinua kichwa, anatazama juu ya bega langu, kuelekea lango la ua. Akaniachia taratibu. Akaweka sufuria chini, akajipangusa mikono kwenye aproni, na uso wake ukawa ule uso wa dukani, wa heshima, anaowapa wateja wageni.

"Karibu, bwana," alisema. "Usisimame kwenye baridi na kofia mkononi."

Niligeuka. Ua ulikuwa mtupu. Baiskeli yangu ilikuwa imelala chini ilipoanguka.

"Gildas," nilinong'ona. "Unaongea na nani?"

"Perrine, adabu yako iko wapi?" alininong'oneza naye. "Mpishe mgeni wako apite."

Naye akasogea pembeni ya mlango, akainamisha kichwa kidogo, akampa nafasi ya kuingia.